Mawe Tuliyoyazika Chini ya Injini

Iko siku moja ambayo sijaisahau, mwanangu, na wala siombi kuisahau. Ni siku niliyochukua mawe mawili ya kisiagi cha mjomba wangu, mawe yaliyotusagia unga tangu nikiwa mtoto, nikayalaza chini na kuyamwagia saruji. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilikuwa na suruali ya mkunjo, viatu vya kamba, na maneno mengi kuliko akili. Kaa kidogo nikueleze. Chai ipo, na najua leo huna haraka hata ukijifanya unayo.

Kwetu ni Ravine, kule unapoacha Nakuru, ukapita Rongai, ukaanza kupanda kuelekea msituni. Kabla sijazaliwa, wanawake wa kwetu walisaga wimbi na mahindi kwa jiwe la mkono. Mwanamke anapiga magoti, anashika jiwe dogo kwa mikono miwili, analisukuma juu ya jiwe kubwa, mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka jua lichomoze. Mama yangu alikuwa na kifundo kibovu cha mkono wa kulia. Alikuwa ameanguka na mzigo wa kuni akiwa msichana, na mfupa ukaunga vibaya. Kila aliposaga kifundo kilivimba, akakifunga kitambaa, akaendelea kusaga.

Mjomba wangu, Mzee Kandie, kaka yake mama, alishindwa kuvumilia kuona hayo. Na lazima ujue kwamba kwetu kaka ya mama si mtu mdogo. Unamheshimu kuliko baba, na huendi jandoni wala huoi kabla yeye hajakubali. Alikuwa amefanya kazi kwa mzungu mmoja upande wa Njoro aliyekuwa na kisiagi cha kuzungushwa na maji. Akaangalia, akauliza, akaangalia tena. Aliporudi nyumbani alichimba mfereji pamoja na baba yangu kutoka kijitoni, akaunda gurudumu kwa mbao za mtarakwa, akapasua mwamba mweusi ulioko juu ya mto na kuchonga mawe mawili ya duara. Kisiagi kilipozunguka mara ya kwanza, alimwita dada yake, akamwambia akae chini asishike kitu chochote. Mama alipotuhadithia siku hiyo alikuwa akicheka na machozi yanamtoka.

Sasa, jiwe la kusagia lina meno, mwanangu. Sijui kama hilo mmewahi kufundishwa. Ni mitaro midogo inayotoka kwenye shimo la katikati mpaka ukingoni. Mahindi yanaingia katikati, mitaro inayakata na kuyasukuma nje, na unga unatoka kandokando. Meno yakilika, unga unatoka moto na una chenga. Kwa hiyo kila baada ya majuma kadhaa jiwe la juu linainuliwa, na mtu anapiga magoti na kulichonga upya kwa tindo na nyundo. Kwetu mtu huyo alikuwa mmoja tu, mjomba.

Aliniita nijifunze. Hakumwita mtu mwingine, aliniita mimi, mtoto wa dada yake. Nilishika tindo siku tatu. Siku ya nne, vumbi limenijaa puani na kichwani, nikamwambia kifua kinaniuma. Kifua hakikuniuma hata kidogo. Nilikuwa nataka kwenda Nakuru, na yeye alijua, lakini alinipa maziwa ya kunywa njiani na kuniambia niende salama.

Nakuru nilipata kazi kwa Bwana Premji, Mhindi aliyekuwa na duka la mashine karibu na stesheni ya reli. Nililala Bondeni, chumba kimoja na vijana wawili wa kwetu. Kazi yangu ilikuwa kufungua makasha yaliyotoka Uingereza, kuondoa nyasi za kufungia na kupangusa grisi. Mashine zile zilinitia wazimu. Zilikuwa na rangi ya kijani inayong'aa na chapa ya shaba ubavuni, na mimi niliipangusa ile chapa kwa mkono wa shati langu mwenyewe. Nikiitazama nilijiona mtu wa dunia nyingine. Kila nilipokwenda nyumbani na kusikia gurudumu la mjomba likilia kwa taratibu zake, nilisikia aibu, kana kwamba ni mimi ninayenuka moshi wa kuni.

Basi nikaanza maneno. Niliwaambia wazee wa kwetu kwamba injini ya dizeli itasaga kwa saa moja kiasi ambacho maji yanasaga kutwa. Hilo halikuwa uongo. Niliwaambia akina mama hawatapanga foleni tena, na hilo nalo lilikuwa kweli. Mama yangu alinitazama nikizungumza mbele ya wazee, uso wake ukawaka. Wazee walikubali, mafahali wakauzwa, na injini ikapanda Ravine juu ya lori huku watoto wakiikimbilia kwa vigelegele.

Fundi aliyekuja kuifunga alisema inataka msingi mzito, la sivyo itatembea yenyewe ikiwaka. Mimi nikaangalia huku na huku, nikaona mawe ya kisiagi.

Mjomba alikuwa ameketi kwenye kigoda chake kando ya ukuta.

"Hayo mawe unayapeleka wapi?" akaniuliza.

"Yanakaa chini ya injini, mjomba. Kazi yao imeisha."

"Na hii injini ikikataa, ni nani hapa anaijua?"

"Wanaoijua wako Nakuru. Kitu kikiharibika, naleta kingine."

"Na huko Nakuru wanakitengeneza wenyewe?"

Nikacheka. Ndiyo, mwanangu, nilimcheka kaka ya mama yangu mbele za watu. "Mjomba, hiyo inatoka ng'ambo," nikasema. "Huko viwanda havilali."

"Haya," akasema. Aliinuka, akaweka kiganja juu ya jiwe la juu kwa muda mfupi, akaenda zake. Angeweza kunikataza. Neno lake moja tu lingetosha, na hakuna mzee ambaye angethubutu kuliruka. Miaka mingi baadaye nilimuuliza kwa nini alininyamazia. Alisema alimwona dada yake akinitazama kwa fahari, akakosa moyo wa kumharibia siku yake.

Injini ilifanya kazi, tena vizuri sana. Sitaki nikudanganye ili hadithi yangu inoge. Kwa mwaka mzima na zaidi ilisaga, na mlio wake ulisikika mpaka ng'ambo ya bonde. Mfereji tukauacha. Ng'ombe wakaukanyaga, majani yakaota ndani. Gurudumu la mtarakwa likapasuliwa kuni, na kuni za mtarakwa zinawaka vizuri, hakuna aliyelalamika.

Mwishoni mwa mwaka wa hamsini na sita, mavuno yakiwa yameshaingia ghalani, injini ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, ikanyamaza. Niliitwa kutoka Nakuru. Nikaifungua na kuona kilichokufa ni nozo, kile kidude cha kunyunyizia mafuta ndani, hakizidi kidole changu cha shahada. Nikacheka tena, nikakitia mfukoni na kurudi mjini.

Bwana Premji alikigeuza mkononi, akatikisa kichwa.

"Ilikuwa moja tu, nimeuza mwezi jana," akasema. "Ingine iko ndani ya meli."

"Na meli iko wapi, bwana?"

"Meli nazunguka Afrika yote. Ile mfereji ya Suez nafungwa, vita iko Misri. Mimi nafanya nini, kijana? Angalia duka yangu."

Nikaangalia. Rafu zake zilikuwa wazi nusu, na yeye mwenyewe alikuwa na wasiwasi usoni. Hakuwa mtu mbaya. Aliniagizia chai, tukainywa. Kutoka hapo nikaenda kwa Kalasinga mmoja, fundi wa vyuma aliyesifiwa mji mzima kwamba hakuna gari la ng'ombe wala plau iliyomshinda. Alikiinua kile kidude kwenye mwanga wa dirisha, akakitazama kwa muda mrefu.

"Tundu zake ndogo kushinda nywele," akasema. "Mashine ya kutoboa hii, Kenya hakuna." Akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima, na hapo ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimeutegemeza unga wa watu wangu kwenye kitu ambacho nchi nzima haikuwa na mtu wa kukitengeneza.

Jumamosi nilipanda lori kurudi nyumbani. Nilimkuta mama uani, amepiga magoti mbele ya lile jiwe la mkono la zamani. Sijui alikuwa amelitoa wapi. Kifundo chake kilikuwa kimefungwa kitambaa.

"Ni kidogo tu," akaniambia kabla sijasema neno. "Wa uji wa watoto."

Haikuwa kidogo. Kikapu cha mahindi kilikuwa kando yake, kimejaa. Niliona aibu, mwanangu, aibu ambayo sijawahi kuiona tena katika maisha yangu yote, na nimeishi miaka mingi na kukosea mengi. Nilimwomba aniachie nisage mimi. Nikapiga magoti, nikasukuma jiwe, na baada ya muda mfupi mgongo ukaniwaka moto na nilichokipata hakikujaa kikombe. Jirani yetu Jebet, mwanamke wa mdomo mtamu na mkali, alipita akasimama. "Kijana wa Nakuru," akasema, "leo umetuletea nini?" Niliinua kichwa, naye aliponiona uso, akaona haya akaenda zake.

Nilikwenda kwa mjomba. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu mwaka ule, alitambua watu kwa sauti. Nilikaa chini kabisa, juu ya udongo, nikamweleza yote: nozo, meli, vita, na mfereji uliofungwa.

"Mfereji gani huo?" akauliza.

"Wa Misri, mjomba."

"Wa Misri siujui. Wa hapa naujua, tuliuchimba na baba yako. Kesho ushike jembe."

Hilo ndilo pekee nililoambiwa. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi, hata kwa laana, na laana ya mjomba kwetu si jambo la mchezo. Badala yake nikapewa jembe. Nilitoka pale nikilia, na sikujali nani ananiona.

Kuufukua mfereji kulituchukua majuma mawili, mimi na vijana wa rika langu. Gurudumu jipya lilitengenezwa na wazee waliokumbuka la kwanza lilivyokuwa. Kilichotushinda ni mawe. Tuliifungua injini, tukaisogeza, tukaanza kuvunja saruji kwa nyundo na mtaimbo. Saruji nayo ilikuwa nzuri, mimi mwenyewe nilikuwa nimeikoroga kwa bidii. Jiwe la chini lilitoka zima. La juu lilipasuka vipande viwili mikononi mwangu.

Mjomba aliongozwa mpaka pale. Akapitisha kidole gumba juu ya ufa, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Mwamba bado uko," akasema. "Twende."

Akaweka mkono begani mwangu, nikampandisha mpaka juu ya mto. Alichagua jiwe kwa kuligonga na kusikiliza. Kisha akakaa kando yangu, na mimi, niliyedanganya kwamba kifua kinaniuma, nikaanza kuchonga kwa tindo lake. Hakuona nilichokuwa nikifanya. Alisikia. "Umelaza mkono, inua," aliniambia. "Hapo umepiga kwa hasira, piga tena." Jioni alipitisha vidole vyake juu ya kila mtaro niliouchonga, na penye kosa alitema mate kidogo hapo, ili nipaone na kesho niparudie. Viganja vyangu vilipasuka. Kazi yangu ya Nakuru ilipewa mtu mwingine, na Bwana Premji hakuwa na kosa, nilikuwa nimepitisha siku za ruhusa nilizoomba. Juma baada ya juma nilichonga, na kila asubuhi nilisikia kutoka nyumbani kwetu lile jiwe la mkono, mbele na nyuma. Majirani walimsaidia mama walivyoweza, lakini kila nyumba ilikuwa na midomo yake ya kulisha.

Mvua ilikuwa karibu kuanza tulipofungulia maji. Gurudumu likalia, jiwe langu likazunguka. Mjomba alichukua unga wa kwanza, akausugua kati ya kidole gumba na cha shahada. "Ni moto," akasema. "Simamisha." Tukainua jiwe, nikachonga. Mara ya pili akasema una chenga. Mara ya tatu akausugua kwa muda mrefu, kisha akaomba dada yake aitwe. Mama aliulamba kutoka kiganjani mwa kaka yake, akafunga macho. Wanawake wakapiga vigelegele, na Jebet akanipiga mgongoni kwa nguvu mpaka nikakohoa.

Lakini kifundo cha mama hakikurudi. Yale majuma yalikimaliza. Tangu hapo vidole vya mkono wake wa kulia havikufunga tena, na nilipomletea mtoto wangu wa kwanza, alimpokea kwa mkono wa kushoto. Alimwimbia, alifurahi, hakunitajia hata siku moja. Mimi nilitoka nje nikasimama nyuma ya ghala.

Ile nozo ilifika, mwanangu. Bwana Premji aliituma kwa dereva wa lori miezi kadhaa baadaye, imefungwa kwenye karatasi yenye mafuta. Tuliijengea injini msingi mwingine, tukaitia nozo, ikawaka, na tangu hapo tulitumia zote mbili, injini wakati wa mavuno na maji siku za kawaida. Kabla sijaitia, mjomba aliniomba aishike. Akaigeuza, akapitisha kucha kwenye zile tundu ndogo.

"Kazi nzuri sana," akasema. "Huyu aliyeitengeneza alifundishwa na mtu, na huyo naye alifundishwa na mwingine. Hawakuacha ikatike." Akaelekeza yale macho yake ya ukungu upande nilipokuwa. "Na wewe? Tangu ujue kuchonga, umemfundisha nani?"

Sikuwa na jina la kumtajia. Hakunigombeza mjomba wangu kwa mawe, wala kwa kumcheka, wala kwa mkono wa dada yake. Alinigombeza kwa hilo. Juma lililofuata nilimpa tindo mdogo wangu wa kike, Kobilo. Watu walisema msichana hawezi, mjomba akasema vidole havina habari ya msichana wala mvulana. Mjomba alifariki wakati Kobilo ameshachonga jiwe lake la pili, na akalishika kabla hajatuacha.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo nilipokuwa nakuja. Sikuambii utupe simu yako, wala uchukie kitu kwa sababu kimetoka ng'ambo. Injini ile ilikuwa kitu kizuri, na watu walioitengeneza walistahili sifa. Kosa langu halikuwa kununua. Kosa langu lilikuwa kuzika tulichojua kufanya ili kile nilichonunua kipate mahali pa kukaa. Nami naona nchi yetu ikifanya vivyo hivyo, kwa furaha ile ile niliyokuwa nayo mimi na suruali yangu ya mkunjo. Hapa Nakuru nimepita kwenye malango ya viwanda ambamo zamani watu wetu walifuma blanketi, leo yameota majani. Jembe unalolimia linatoka mbali, dawa ya ng'ombe inatoka mbali, hata kijiti cha kuchokolea meno. Juzi ugonjwa ulipofunga dunia, mliona wenyewe tulivyokaa tukingojea chanjo, na kila mwenye nazo akawachanja watu wake kwanza. Siwalaumu. Hata sisi tungeanza na mama zetu.

Siku meli inapokawia, mwanangu, wakubwa wanazungumza redioni juu ya vita na mifereji ya mbali, na wanaeleza vizuri. Lakini mzigo unashuka kimyakimya mpaka kwa mtu fulani aliyepiga magoti uani, ambaye hakuulizwa chochote mlipokuwa mkiamua. Ukipata cheo cha kuamua, na naomba Mungu ukipate, mtafute kwanza mtu huyo, umtazame mikono. Nunua kinachofaa, lakini hakikisha yupo mtu wetu anayejifunza kukitengeneza, na anayejua kufanya bila hicho kikikosekana. Fundi wa kwenu akikosea mara ya kwanza, usimcheke ukakimbilia dukani. Mwambie unga ni moto, asimamishe, achonge tena.

Haya, sogea nikuwekee mkono kichwani. Mungu akulinde macho yako na mikono yako. Wakupende wanaokula kwa jasho lako. Usikose mwalimu ukiwa kijana, na ukizeeka, mtu akikuuliza umemfundisha nani, uwe na majina mengi mpaka uchoke kuyataja.